S&W 442 au Ruger LCR: bastola ipi ikae mfukoni kwa jasho hili la Mwanza?

#1 Mnunuzi wa Mwaloni
Wakuu habari za jioni. Niende kwenye mada.

Mimi nanunua dagaa, na mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) yakipatikana, pale Mwaloni Kirumba. Saa kumi na moja alfajiri niko njiani na hela za watu mfukoni. Mwaka jana vijana wawili walinifuata toka Kirumba mpaka karibu na nyumbani, nikaokolewa na bodaboda aliyesimama kuuliza kama kuna abiria. Nikasema basi. Nikaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kata, nikapanda hadi kamati ya usalama ya wilaya, polisi wakanihoji mpaka habari za bibi yangu. Kibali cha kununua kimetoka. Imebaki kuchagua.

Nimechuja mpaka zimebaki mbili, zote rivolva za risasi tano za .38 Special, mtutu haufiki sentimita tano. Smith & Wesson 442, fremu ya alumini, gramu 420 hivi. Ruger LCR, sehemu ya chini yote inayobeba triga ni plastiki, gramu 380 na ushee. Zote nyundo imefichwa ndani kwa hiyo haikamati kitambaa ukiitoa.

Jumamosi nimezipiga zote mbili uwanja wa shabaha, mwalimu akiwa pembeni. Triga ya LCR inateleza kama imepakwa samli, niliipenda palepale. Ila kwa hatua saba, 442 inanipigia katikati ya karatasi. LCR zote tano zinakwenda chini, kiganja kizima. Nikarudia, zikaenda kulekule. Nipeni sababu kabla sijatoa hela. Mbovu ni bastola au mbovu ni mimi?

#2 Karanga Mbichi
Nimeshika siti ya mbele. Waje wenye vyuma vyao.

#3 Jiwe la Bismarck
Mkuu mbovu ni wewe, usikasirike. Chombo chepesi kinapiga teke, mkono unajua kinachokuja, basi unaukandamiza mtutu chini kabla haijalia. Wote tumepita hapo.

Jipime hivi. Geuka ukutani, mwenzako akujazie silinda (lile duara linaloshika risasi): risasi tatu za kweli, maganda mawili yaliyokwisha pigwa, azungushe, afunge. Piga kama kawaida. Ukifika kwenye ganda, hailii, halafu utaona mtutu unavyochutama wenyewe kama mbuzi aliyeona fimbo. Mimi mara ya kwanza niliomba watu wageuke upande mwingine.

#4 Mnunuzi wa Mwaloni
Gramu arobaini tu ndizo zigeuze mkono wangu? Hiyo ni chini ya uzito wa yai. Sikubali.

#5 Mzee wa Nyakato
Bwana mdogo, kabla watu hawajakutukana zaidi, jibu swali moja. Risasi ulizopiga kwenye hizo mbili zilikuwa uzito mmoja?

#6 Mnunuzi wa Mwaloni
Shikamoo mzee. 442 ni ya jamaa yangu, alikuja na boksi lake, limeandikwa 158. Ya LCR alitoa mwalimu, nimepiga picha boksi, inasoma 110.

#7 Mzee wa Nyakato
Marahaba. Basi jibu lako hilo hapo. Hizo ni greni, uzito wa kichwa cha risasi. 158 ndiyo ya zamani ya .38, gramu kumi na kidogo. 110 ni gramu saba. Ile nzito inatembea polepole ndani ya mtutu, na huku teke limeshaanza kuuinua mtutu, kwa hiyo inatoka ikiwa imeelekea juu kidogo. Nyepesi inatoka mbio kabla mtutu haujainuka. Inapiga chini. Vilengeo vya bastola hizi havirekebishwi kwa bisibisi, vimekatwa kiwandani kwa uzito fulani. Huna ubovu wowote.

#8 Jiwe la Bismarck
Mzee nakuheshimu, lakini kwa hatua saba uzito wa risasi utakupa inchi moja, ukizidisha sana mbili. Yeye anasema kiganja. Kiganja changu mimi ni inchi nne. Hizo nyingine mbili kazileta nani kama si yeye?

#9 Karanga Mbichi
Kiganja cha mpasua sangara hicho, fanya inchi sita 😂

#10 Dada wa Igoma
Habari zenu. Mimi nina LCR mwaka wa tatu huu, nina duka la jumla. Niseme yale ambayo hawa kaka zangu hawajasema.

Triga yake ni laini kweli, ndiyo iliyoniuzia. Vidole vyangu 442 vilikuwa vinaivuta mpaka bastola nzima inatetemeka. Lakini ina tabia moja. Ukishapiga, ukawa unaachia triga taratibu, kuna mlio mdogo katikati ya njia, tik. Unadhani imesharudi. Haijarudi. Ukivuta hapo hakuna kinacholia. Lazima uiachie mpaka mwisho kabisa ndipo uvute. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika, nikaipeleka kwa fundi, akanichekea akanirudishia bila kuigusa (hela ya kuikagua alichukua lakini).

Ukiizoea si tatizo. Ila usiku ukiwa umeshikwa na hofu, kidole hakikumbuki mafunzo. Fanya mazoezi.

#11 Mnunuzi wa Mwaloni
Asante dada. Hiyo tik niliisikia! Nilidhani ni sauti ya kawaida.

#12 Kamanga Feri
Nyie mnazungumzia triga, mimi nazungumzia jasho. Ninayo 642, ndugu wa 442, tofauti inayoonekana ni rangi, yangu ya fedha. Fremu ya alumini wameipaka kitu kama vanishi ya kung'aa. Nimeibeba mfuko wa mbele miezi minane, upande unaogusa paja umeanza kubabuka kama ukuta wa nyumba ya kupanga. Silinda yenyewe safi, ni chuma kisichoshika kutu. Aliyeniuzia nilipompelekea akasema "hiyo ni sura tu, inapiga". Inapiga kweli, lakini bei niliyotoa ilikuwa na sura ndani yake.

442 nyeusi haina hiyo vanishi, lakini silinda yake ni chuma cha kawaida, kutu inaweza kuja. Hapa ziwani, joto hili, ukirudi nyumbani ifute na kitambaa chenye mafuta. Kila siku. Sio siku ukikumbuka.

#13 Msukuma Mtaratibu
Alumini na plastiki, haya mambo ya juzi juzi. Bastola ni chuma. Hizo zitawapasukia mkononi, mtakuja kulia hapa hapa.

#14 Mzee wa Nyakato
#13, juzi juzi ipi? Colt walitoa Cobra yenye fremu ya alumini mwaka 1950, Smith & Wesson wakafuata muda mfupi baadaye na wakaiita Airweight. Wewe na mimi labda tulikuwa hatujazaliwa.

Kilicholeta tabu ni silinda. Jeshi la anga la Marekani waliagiza rivolva za marubani, wakataka nyepesi kupita kiasi, mpaka silinda ikawa ya alumini. Silinda ndiyo inayobeba mlipuko. Zikawa na matatizo, zikaondolewa, nyingi zikaharibiwa makusudi. Tangu hapo somo likaeleweka: fremu punguza, silinda acha chuma. 442 silinda chuma. LCR, iliyotoka 2009, silinda chuma, na sehemu inayoshika mtutu na silinda ni alumini. Plastiki ni chini tu, kwenye mshikio na mashine ya triga. Haibebi mlipuko.

#15 Msukuma Mtaratibu
Nimenyamaza. Wabeja mzee.

#16 Dhahabu Nyepesi
Nyote mnacheza. Mimi nina 340PD ya Smith & Wesson, fremu ya skandiamu, silinda ya titani, gramu 330 hivi, na inapiga .357 Magnum, risasi kali kuliko .38 yenu. Ukiivaa unasahau kama unayo.

#17 Kamanga Feri
Ukiipiga je, unasahau?

#18 Dhahabu Nyepesi
Nimepiga tano. Sita sijamaliza.

#19 Karanga Mbichi
Rivolva ya risasi tano, hiyo ya sita ulitaka kuipigia wapi? 😂😂

#20 Jiwe la Bismarck
Hahaha. Mkuu Dhahabu, soma mtutu wako, wameandika usipige kichwa cha chini ya greni 120. Unajua kwa nini? Kwa sababu bastola nyepesi inaporuka nyuma kwa kasi, kwa risasi zilizobaki kwenye silinda ganda linarudi nayo, lakini kichwa kinataka kubaki kilipokuwa. Kinachomoka taratibu, kinatokeza mbele, silinda haizunguki tena. Imekwama.

#21 Mzee wa Nyakato
Kuchomoka kwa kichwa ni kweli kupo, lakini umepindua. Kichwa kizito ndicho kinachochomoka haraka, kina uzito wa kukataa kwenda. Ingekuwa sababu ni hiyo wangekataza nzito. Mimi ninavyojua ni titani. Risasi nyepesi inatoka kabla baruti haijamaliza kuungua, moto na chembe zake zinaila silinda mdomoni.

#22 Jiwe la Bismarck
Mzee, mimi nilifundishwa hivyo na mtu aliyekuwa nayo.

#23 Mzee wa Nyakato
Na mimi nilifundishwa na mtu aliyekuwa nayo 😀. Kwa vyovyote, kwa kijana wetu haihusu, hizo zake mbili hazina titani. Ila ajaribu hivi: apige nne, halafu atoe ya tano ailinganishe kwa urefu na mpya iliyo kwenye boksi. Ikiwa ndefu zaidi, boksi hilo aache.

#24 Mtu wa Makoroboi
Mimi niwape kisa, mada inakaribia kuwa darasa la fizikia.

Nilipopata yangu nikaona holsta za kununua ghali. Nikaenda kwa fundi viatu, fundi mzuri tu, ananishonea kandambili toka utotoni. Sikumpelekea bastola, nilikata ubao wa umbo lile lile. Akanishonea kifuko cha ngozi, kizuri, kina uzi mweupe pembeni. Nikakivaa wiki mbili, nikajiona sheria.

Siku ya uwanjani mwalimu akasema toa, lenga. Nikatoa. Nikalenga. Watu kimya. Nikatazama mkono wangu: nimelenga karatasi na kifuko kikiwa kimevaa bastola kama soksi. Ngozi mpya ilikuwa imevimba kwa jasho ikaing'ang'ania. Triga hata siioni. Mwalimu alikaa chini kabisa.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya 442 au LCR, tafuta kifuko kinachobaki mfukoni wewe ukitoa. Kiwe cha kukwaruza kwa nje, kigumu pale kinapofunika triga. Na mfuko huo usitie kitu kingine. Si funguo, si sarafu, si bigijii.

#25 Dada wa Igoma
Jamani "kama soksi" 😂 nimemwaga chai.

Lakini la sarafu ni zito. Mimi niliwahi kukuta shilingi mia imekaa pale nyuma ya triga. Ingekuwa siku yenyewe nisingeweza kuivuta.

#26 Mlipa Makato
Samahani nivuruge kidogo. Karne hii bado mnabeba keshi alfajiri? Simu mnazo za nini?

#27 Mnunuzi wa Mwaloni
Kaka, njoo Mwaloni saa kumi na moja umwambie mvuvi aliyelala majini, ametoka Ukara au Kome, "nakutumia kwenye simu". Atakuuliza makato nani analipa. Halafu simu yake imezima toka jana. Halafu nyuma yako yuko mnunuzi mwingine ameshika noti. Karai limeshaondoka. Na mabondo ndiyo kabisa, mfuko mdogo wa mabondo una hela kuliko magunia ya dagaa, yule mtu anataka kuhesabu kwa mkono.

#28 Mlipa Makato
Nimekuelewa. Basi fuga mbwa.

#29 Karanga Mbichi
Mbwa Mwaloni? Atakula dagaa wote kabla hujafika kwenye bei.

#30 Busisi Mpya
Mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo wakati wa feri pale Kigongo, mmebanana, hujui aliye nyuma yako ni nani. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 navuka ndani ya gari, dakika chache, nimeona hata haja ya kubeba imepungua. Naiacha kwenye kabati la chuma.

#31 Kamanga Feri
Usiku daraja lina taa nzuri. Ukitoka Busisi kuelekea Sengerema huko mbele taa hazikufuati.

#32 Fundi Mabatini
Turudi kwenye mada. Mtoa mada, kwa nini usichukue LCR ya 9mm? Risasi za 9mm kila duka nililoingia nilizikuta, za .38 mara zipo mara hazipo. Zinaingia na kibati cha mviringo kinachoshika zote tano, unazitia kwa mpigo mmoja.

#33 Jiwe la Bismarck
Hiyo fremu yake ni ya chuma, si alumini. Inakaribia nusu kilo, gramu 488 kama sikosei. Mtu anataka ya mfuko wa suruali ya kitambaa. Na kibati kikipinda kidogo tu mfukoni, silinda inagoma.

#34 Fundi Mabatini
Nusu kilo ni sukari ya chai ya wiki. Mwanaume mzima?

#35 Dada wa Igoma
Suruali ya kitambaa yenye nusu kilo upande mmoja, kila mtu sokoni anajua umebeba nini. Ukivaa kanzu Ijumaa ndiyo kabisa, inaning'inia kama kengele. Wepesi una kazi yake hapo. Uzito unalipia siku moja ya uwanjani, wepesi unalipia siku zote nyingine. Mimi nilichagua hivyo.

#36 Mtu wa Makoroboi
Kuna kitu cha 442 hakijasemwa. Kile kitufe cha kufungulia silinda, kushoto. Ukiishika juu sana, teke linapokuja kinakuchubua gumba. Mimi nina kovu, dogo, lakini lipo. Na unakisukuma kwenda mbele. Cha LCR unakibonyeza kwenda ndani. Ukizoea kimoja, kingine kinakuchanganya, nimeona mtu anasukuma kitufe cha Ruger mbele mpaka jasho linamtoka.

#37 Macho Mawili
Mtoa mada una umri gani, kama si siri?

#38 Mnunuzi wa Mwaloni
48. Kwa nini?

#39 Macho Mawili
Basi wote hapo juu wamekosea. Ni macho. Mimi nilipofika 45 kilengeo cha mbele kikaanza kuwa ukungu. Ukungu unaficha ncha yake, na kila mtu ana namna yake ya kukisia ilipo. Vilengeo vya hizo mbili havifanani kwa rangi wala unene, kwa hiyo unavikisia tofauti. Vaa miwani ya kusomea siku moja ujaribu. Karatasi itakuwa na ukungu, lakini kilengeo utakiona mpaka michubuko yake.

#40 Jiwe la Bismarck
Macho hayapeleki risasi zote tano sehemu moja chini. Mkono ndio unapeleka.

#41 Mzee wa Nyakato
Greni. Nimesema greni.

#42 Fundi Mabatini
Au kilengeo chenyewe ni kirefu. Kilengeo cha mbele kikiwa kirefu risasi inashuka. Cha LCR kimeshikwa kwa pini, kinatoka, unaweka kifupi. Cha 442 kimechongwa pamoja na mtutu, hapo ni kupiga tupa, na ukishapiga tupa hakirudi. Kwa hilo tu mimi ningechukua Ruger.

#43 Afande Mstaafu
Nimesoma toka mwanzo. Mambo mawili, halafu niwaache. Kwanza, mtu asimwazime mwenzake silaha akaibebe, hata kwa siku moja, jina kwenye leseni ni la mmoja. Uwanjani mbele ya mwalimu ni jambo jingine. Pili, ukienda kunywa iache nyumbani imefungwa. Nimeona kesi zilizoanza na bia mbili na maneno ya mpira, na mwenye leseni ndiye aliyelala ndani.

#44 Karanga Mbichi
Afande shikamoo. Naondoka na karanga zangu.

#45 Mnunuzi wa Mwaloni
MREJESHO wakuu.

Jana nimerudi uwanjani na boksi moja tu, 158, kwa zote mbili. LCR imepanda. Mzee wa Nyakato nakuvulia kofia. Ila haikupanda yote, bado iko chini vidole viwili. Nikavaa miwani ya mke wangu: zikabanana zaidi, lakini hapo hapo chini. Halafu mwalimu akanichezea ule mchezo wa maganda. Nilipofika kwenye ganda la kwanza… Jiwe, mtutu ulichutama. Sikatai. Lakini kwenye 442 nao ulichutama, na 442 inapiga katikati!

#46 Jiwe la Bismarck
Niliwaambia 😎

#47 Mzee wa Nyakato
Ulichutama kwenye zote mbili halafu moja inapiga katikati, sasa umethibitisha nini? Greni imepandisha, hilo ndilo limeonekana kwenye karatasi.

#48 Fundi Mabatini
Vidole viwili vilivyobaki ni kilengeo. Badilisha kilengeo.

#49 Macho Mawili
Miwani ya mke ni namba ya mke. Kapime yako.

#50 Dada wa Igoma
Kaka, umeamua ipi sasa?

#51 Mnunuzi wa Mwaloni
Mkono unataka 442, kidole kinataka LCR. Mwenye duka kasema hatanishikia zaidi ya Ijumaa. Jamaa wa 442 amenikaribisha tena Jumamosi asubuhi, na atakuja na boksi la 130 ambalo hatujalijaribu.

#52 Karanga Mbichi
Ijumaa inakuja kabla ya Jumamosi mkuu.